Rimu tatu za baiskeli kwa miezi mitano: anza na upepo kabla ya kununua nyingine

Mbukwenyi wakuu.

Mkuu mwenye uzi, umesema umehamia Dodoma, una kilo 82, baiskeli yako ni ya gia yenye tairi za inchi 26, siku za kazi unakwenda nayo ofisini na wikiendi unapanda njia za mawe kule Ntyuka. Ndani ya miezi mitano rimu ya nyuma imepinda mara tatu. Unauliza kama uhamie rimu za chuma, na kama ujaze upepo mpaka ile namba ya juu iliyoandikwa kwenye tairi. Jibu langu ni hapana kwa yote mawili, na nimelilipia kwa fedha yangu, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu.

Mimi nilikuwa nabeba zabibu kutoka shamba la mjomba, Mpunguzi, kreti mbili kwenye keria, mpaka barabara ya Iringa ambako nilikuwa napakia kwenye gari. Njia ya shambani unaanza na mchanga, unakutana na makorongo yaliyochimbwa na mvua, halafu mawe. Msimu mmoja wa Agosti gurudumu la nyuma lilidondoka kwenye ukingo wa korongo, nikasikia mlio wa bati kugonga jiwe. Nilipolifungua nikakuta tyubu ina matundu mawili yamekaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, na mdomo wa rimu umebonyea kiasi kidole gumba kinalala humo.

Hayo matundu mawili yakumbuke. Mwiba hutoboa tundu moja. Ukiona mawili yanayoelekeana, tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu, maana yake tairi lilikuwa na upepo mdogo kwa mzigo ule. Kama hujazitupa tyubu zako za zamani, zijaze upepo, zizamishe kwenye beseni la maji uangalie. Nadhani utayaona.

Kabla ya pale nilikuwa napima upepo kwa kubonyeza tairi na kidole, kama tunavyofanya wengi. Nilipoazima geji ya jirani, tairi nililoliona gumu kabisa lilikuwa na PSI 22 (PSI ndicho kipimo cha mgandamizo wa upepo). Nilishtuka kweli. Tangu siku hiyo sibonyezi, napima.

Kosa la pili likafuata hapo hapo: nikajaza mpaka 65. Rimu haikugonga tena, lakini safari ya kwanza tu zabibu za chini ya kreti zilipasuka, maji yake yakachuruzika mpaka kwenye tairi. Baiskeli ilikuwa inaruka kwenye kokoto badala ya kuzipita, breki ya nyuma ikawa inateleza, viganja vikauma. Tairi lililojazwa kupita kiasi halimezi mshtuko. Mshtuko unakwenda kwenye rimu, kwenye spoku, kwenye mzigo na kwenye mgongo wako.

Kwa uzito wako, na tairi la upana wa inchi 2.1 lenye tyubu, ningeanza na 30 mbele na 35 nyuma kwa njia za Ntyuka. Nyuma hujazwa zaidi kwa sababu ndiko uzito mwingi unakokaa. Siku za lami tupu weka 40 mpaka 45. Ukifunga mzigo kwenye keria, mbele acha kama palivyo, nyuma panda mpaka 45. Kutoka hapo ongeza au punguza mbili mbili: ukisikia rimu inagonga, ongeza, na ukiona gurudumu linadundadunda kwenye kokoto, punguza. Usivuke mipaka ya chini na juu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Pima kila wiki, maana tyubu hupoteza upepo hata bila pancha. Halafu kuna jua letu: tairi ulilolijaza 40 alfajiri ya nyuzi 20, likifika nyuzi 40 ndani linaongezeka kama PSI 4. Kwa aliyejaza kiasi hilo si tatizo. Aliyejaza mpaka mwisho anavuka mpaka.

Sasa rimu. Chuma kinavutia kwa sababu fundi anaweza kukigonga kikarudi, na kwa baiskeli ya mizigo ya mwendo wa pole sikikatai. Ila ni kizito, na kwa breki za kubana rimu, mvua ya Januari ikilowanisha kile chuma kinachong'aa, unabonyeza breki na baiskeli inaendelea kushuka. Kwa mteremko wa Ntyuka sikushauri kabisa.

Nunua alumini yenye kuta mbili. Dukani usiamini maneno, angalia mwenyewe: toa ule utepe wa ndani uchungulie tundu la spoku. Kama kichwa cha nati ya spoku kimekaa juu juu, sawa na sakafu ya rimu, hiyo ni ya ukuta mmoja. Kama nati imezama chini na juu yake kuna sakafu nyingine yenye tundu pana, hiyo ndiyo. Chukua ya matundu 36 kuliko 32, lakini hesabu kwanza matundu ya habu yako, yaani kile kitovu cha gurudumu, lazima yalingane. Ikiwa na vipete vya chuma kwenye matundu, bora zaidi. Upana wa ndani wa milimita 21 mpaka 25 unalitosha tairi la 2.1. Kama breki zako zinabana rimu, mchanga wetu utaila kuta: pitisha kidole ubavuni, ukihisi umekuwa bonde, badilisha.

Rimu nzuri yenye spoku zilizolegea itapinda vilevile. Mzee mmoja fundi aliyenisukia gurudumu ninalotumia mpaka leo alikuwa anapiga kila spoku kwa ukucha na kusikiliza, kama mtu anayeweka sawa nyuzi za zeze. Zile za upande wa gia zilitoa sauti nyembamba, za upande wa pili nene kidogo. Ndivyo gurudumu la nyuma linavyotakiwa kuwa, kwa hiyo linganisha spoku za upande mmoja tu. Inayotoa sauti nzito peke yake imelegea. Aliniambia, "Mjukuu wangu, rudi baada ya wiki mbili," kwa sababu spoku mpya hujikalisha na kulegea. Nilirudi, akakaza saba.

Kuhusu miiba ya migunga, upepo mwingi hauizuii. Kata tyubu ya zamani uitandike ndani ya tairi, na ukirudi safari pitisha kitambaa ndani uone kama kuna mwiba uliobaki. Ile dawa ya maji ya kuziba pancha inafanya kazi, ila kwa joto hili inakauka mapema, uwe unaongeza.

Tuwekee picha ya ndani ya rimu yako ikiwa imetolewa utepe, na namba zilizo ubavuni mwa tairi, tuone kama hiyo uliyonayo inanyooka kabla hujatoa hela.