Kitunguu kikishamenywa, nani husoma?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Tor, mtandao wa kuficha mtumiaji wa intaneti ni nani, husimba ujumbe (huugeuza fumbo) kwa tabaka tatu. Inakuwaje basi tuonywe kwamba seva ya mwisho inaweza kusoma ninachoandika? Je, kufuli tatu si imara kuliko moja?

JIBU: Ndugu msomaji, tabaka hizo hazikuwekwa ili kufuli liwe gumu zaidi, bali ili pasiwepo seva hata moja inayojua kwa pamoja wewe ni nani na unakwenda wapi. Wazo hilo lilizaliwa katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani katikati ya miaka ya 1990, likapewa jina la kitunguu. Tor yenyewe ilianza kazi mwaka 2002.

Programu iliyo kwenye kompyuta yako huchagua seva tatu. Hukubaliana ufunguo wa siri na ya kwanza, kupitia hiyo hukubaliana na ya pili, na kupitia hizo mbili huifikia ya tatu. Ujumbe husimbwa kwanza kwa ufunguo wa seva ya tatu, kisha wa ya pili, na nje kabisa wa ya kwanza. Seva ya kwanza huiona anwani yako, lakini ikibandua ganda lake hukuta fumbo jingine lisilo lake. Ya pili huwajua majirani zake wawili tu. Ya tatu huijua tovuti, ila haikujui wewe. Majibu yakirudi, kila seva huongeza ganda lake, na kompyuta yako ndiyo huyamenya yote.

Hapo ndipo penye jibu lako: baada ya seva ya tatu hakuna ganda la Tor lililobaki. Tovuti ikitumia HTTPS, yaani usimbaji wa tovuti yenyewe, seva hiyo hukuta fumbo lililo baina yako na tovuti; isipotumia, nywila yako hupita wazi. Mwaka 2007 Dan Egerstad, mtaalamu wa usalama wa Uswidi, aliendesha seva tano za kutokea, yaani zinazokaa nafasi hiyo ya tatu, na kunasa nywila za barua pepe za balozi kadhaa, pasipo kuvunja fumbo lolote.

Naongeza jambo ambalo hukuliuliza. Anayeweza kutazama mlango wa kuingilia na wa kutokea kwa wakati mmoja hulinganisha nyakati na wingi wa data inayopita, akaoanisha pande mbili. Huyo hata ukimwongezea ganda la nne hashughuliki nalo, kwa kuwa hayamenyi maganda.