Maji yanamwambia, anamwambia au inamwambia?

SWALI: Mwalimu, jambo sana. Ninaandika makala kuhusu The Alchemy Index, albamu ya Thrice, bendi ya California inayopiga posti-hadikoo (post-hardcore), aina ya roki kali. Albamu nzima inahusu moto, maji, hewa na udongo, na kila sehemu inamalizika kwa wimbo ambamo kitu chenyewe kinasema na mwanadamu. Nimeandika: «Maji anamwambia mwanadamu kwamba hawezi kumtawala.» Rafiki yangu anasema ni «yanamwambia», na kwetu Katuba kila mtu angesema «inamwambia». Nifuate ipi? – Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amesema kweli, na sababu haiishii kwenye kanuni ya darasani kuhusu ngeli ya maji. Wewe umefikiri kwamba anayesema ni mtu, kwa hiyo kitu kikisema kipewe kiambishi cha mtu. Kiswahili hakilazimiki kufanya hivyo. Tunasema mkono mmoja haulei mwana, ingawa kulea ni kazi ya mtu, na tunasema sikio la kufa halisikii dawa, ingawa sikio hilo limepewa kufa na ukaidi kama binadamu. Mkono umebaki mkono na sikio limebaki sikio. Kitenzi peke yake kimetosha kuvipa uhai.

Sasa isome tena sentensi yako. Nani hawezi kumtawala nani? Asiyeijua albamu anaweza kudhani kwamba maji yanakiri kushindwa, kumbe wimbo unasema kinyume kabisa: wafalme waliojiona mabwana wa bahari wanakumbushwa kwamba bahari iliwazamisha. Ukiandika «Maji yanamwambia mwanadamu kwamba hawezi kuyatawala», utata wote unakwisha, kwa sababu -ya- inarudi kwa maji na haina pengine pa kwenda. Katika albamu hii faida inaongezeka, maana sehemu zake ni nne, mbili zilizotoka mwaka 2007 na mbili mwaka 2008, kila moja ikiwa na nyimbo sita, na makala yako yatalazimika kuruka kutoka kitu kimoja hadi kingine. Moto unachoma, maji yanazamisha, hewa inapeperusha, udongo unapokea. Ingawa moto na udongo vinashiriki u-, kwa sehemu kubwa msomaji atajua ni kipi kinachosemwa hata pale jina lisiporudiwa. Ukivifuta viambishi hivyo vyote na kuweka a-, unaitupa zana ambayo waimbaji wenyewe, wakiimba kwa Kiingereza, hawakuwa nayo.

Kuhusu «inamwambia», usiione aibu. Mjini kwetu «mayi iko» na «moto iko» zimekaa vizuri vinywani mwa watu, kuanzia Katuba hadi Kamalondo, na i- hiyo ina utaratibu wake, kwani inachukua karibu kila kitu kisicho mtu wala mnyama. Ukiamua kuandika makala kwa Kiswahili cha mjini, itumie tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachoumiza sikio ni kuichanganya na Kiswahili bora ndani ya aya moja.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza, lakini utalikuta mara utakapojaribu kuzifasiri nyimbo hizo. Zile nne za mwisho wa sehemu zimetungwa kama soneti, yaani shairi la mistari 14, na ndani yake kitu kinajisemea chenyewe kwa nafsi ya kwanza. Hapo upatanisho unabadilika. Ukisimulia kutoka nje, utaandika «maji yaliyowazamisha wafalme»; lakini maji yakijisemea yatasema «mimi maji niliyewazamisha wafalme», kwa -ye- ya mtu, na kivumishi nacho kitafuata: «mimi ni mkubwa kuliko wao», wala si «makubwa». Usiandike «sisi maji» kwa sababu tu ma- inafanana na wingi, kwani neno hili halina umoja wake, na katika soneti msemaji ni mmoja. Utu uliotaka kuyapa maji, basi, utaupata hapa bila kuvunja kanuni yoyote, na nadhani utakuwa na nguvu zaidi kwa kuwa umengoja hadi maji yenyewe yashike maneno.

Katika masimulizi ya nje, a- inafaa pale unapokipa kitu cheo au jina la mtu. Katika wimbo wa mwisho wa albamu, udongo unamwita mwanadamu mwanawe. Ukitaka kulisisitiza hilo, unaweza kuandika «Mama Udongo anampokea mwanawe», kwa kuwa sasa neno linalotawala sentensi ni mama. Ila ukishamwita mama, usimrudishe kwenye u- mistari miwili baadaye.