Zipeni Pesa za Bendi Majina Kabla Hazijafika

Ilikuwa yapata saa tisa za usiku, nasi tumeegesha pikapu ya vyombo upande wa Likoni tukingoja feri ituvushe kurudi kisiwani Mombasa, mpiga dumbaki wetu alipomgeukia kiongozi akamwambia, "Mwalimu, hesabu hizi hazijakaa sawa." Tulikuwa watu saba, kila mmoja na kazi yake ya mchana. Kiongozi, ambaye ndiye aliyepiga kinanda, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpiga besi alikuwa fundi cherehani, mpiga dumbaki aliendesha tuktuk, nami nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha. Tulipiga taarabu na bango, mtindo uliotiwa umaarufu na saksafoni ya mzee Joseph Ngala wa Freretown, katika arusi za jamaa na majirani. Kwa kuwa hakuna aliyeitegemea bendi kwa mlo wake, tuliamini kwamba pesa haziwezi kutugombanisha. Feri ilipotia nanga, wawili kati yetu walikataa kupanda gari moja.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mwenye arusi alikubali kutulipa shilingi 42,000, akatanguliza arbuni ya 12,000 kwa M-Pesa, kwenye simu ya Mwalimu. Vipaza sauti tulivikodi kwa 10,000 na pikapu kwa 4,000, kwa hiyo kila mtu alikuwa amekwisha kupiga hesabu kichwani kwamba zitabaki 28,000, yaani 4,000 kwa kila mmoja. Usiku ule Mwalimu aligawa 2,285 kwa kila mtu. Arbuni ilikuwa imekwisha kutumika, kwani alikuwa ameilipia deni la kinanda, kinanda ambacho alikinunua kwa jina lake na ambacho sote tulikitumia kwa miaka miwili bila kumchangia hata senti.

Nataka nimtendee haki Mwalimu, kwa sababu wengi husimulia visa vya namna hii kana kwamba ni visa vya wizi. Hakuwa mwizi. Alikuwa na dai la halali ambalo hakuwahi kulitamka, na siku pesa zilipopita mikononi mwake alijilipa mwenyewe kimyakimya. Mpiga dumbaki naye alikuwa na haki ya kuhamaki. Wote wawili walikuwa wakizungumzia shilingi zilezile 12,000, mmoja akiziita malipo ya kinanda, mwingine akiziita jasho la watu saba, na bendi nzima haikuwa imewahi kukaa kitako ikaamua ziitwe nini.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba arbuni isiingie kamwe kwenye simu ya mtu anayepatana bei na mteja. Apatanaye bei awe mmoja, na apokeaye pesa awe mwingine, tena ujumbe wa M-Pesa usambazwe kwa wanachama wote siku ileile pesa zinapoingia. Sisi baadaye tulifungua akaunti ya kikundi benki, yenye watia saini watatu, ambapo sharti wawili wakubaliane ndipo pesa zitolewe. Kwa bendi inayopiga mara moja kwa mwezi hilo laweza kuonekana kuwa usumbufu mtupu, lakini ninaupenda usumbufu huo kuliko ukimya uliotanda ndani ya pikapu yetu alfajiri ile.

Jambo la pili, na hapa ndipo nimeona bendi nyingi za pwani zikigawanyika, ni tuzo. Anayefahamu arusi za kwetu anajua kwamba mgeni huinuka kitini, akaja hadi jukwaani akicheza, akamtuza mwimbaji noti moja baada ya nyingine, na mara nyingi hutuza kwa sababu ya ubeti fulani uliomgusa yeye, au uliomgusa jirani aliyekaa naye meza moja. Mwimbaji wetu, dada mwenye sauti ambayo hadi leo sijasikia mfano wake, alipata shilingi 9,400 usiku ule na akaondoka nazo zote. Kwa maoni yake noti ziliwekwa mkononi mwake, kwa hiyo ni zake. Wapigaji walidai kwamba wao ndio waliourudia ule wimbo mara tano ili watuzaji wapate nafasi ya kufika mbele, vidole vikiwauma, na kwamba sauti bila ala isingemwinua mtu kitini.

Tulibishana juu ya jambo hili kwa mikutano mitatu. Mwishowe tulipatana kwamba nusu ya tuzo ni ya mwimbaji na nusu hugawanywa kwa wapigaji, na kwamba sinia huwekwa mbele ya jukwaa ili pesa zihesabiwe mbele ya wote kabla ya vyombo kufunguliwa. Sisemi kwamba nusu ndicho kipimo sahihi kwa kila bendi. Ninachosisitiza ni kwamba kipimo kikubaliwe mchana, watu wakiwa wameshiba na wamepumzika, maana makubaliano yanayotafutwa saa tisa za usiku juu ya noti zilizokwisha kukunjwa mfukoni hayapatikani.

Kuhusu kinanda, tuliamua kwamba mwenye chombo alipwe kodi ya 1,500 kila tunapopiga, na kodi hiyo itolewe pamoja na nauli kabla ya mgao. Chombo kinachonunuliwa kwa mfuko wa bendi hubaki cha bendi, na anayejitoa haondoki na fungu lake. Tuliandika hayo katika daftari na kila mtu akatia saini. Tulikubaliana pia kuweka akiba ya asilimia kumi, kwa sababu kazi zetu huja kwa msimu: Shaabani hujaa arusi, Ramadhani hatupigi kabisa, kisha Mfungo Mosi huleta kazi nyingi kwa ghafla, na nyaya hukatika bila kujali mwezi.

Mkiingia studio, tenganisheni gharama za kurekodi na umiliki wa wimbo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mtunzi ana haki zake na mwimbaji au mpigaji ana zake, kwa hiyo kuchangia malipo ya studio peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Andikeni majina ya watunzi siku ileile ya kurekodi.

Mpiga dumbaki hakurudi. Mwalimu alipoanza kulipwa kodi ya kinanda, alirudisha zile 12,000 kidogokidogo, na sehemu ya kila mtu ikawa takriban shilingi 1,715. Nilimtumia mpiga dumbaki fungu lake miaka miwili baada ya usiku ule wa Likoni, nikamweleza kwa ujumbe lilitoka wapi. Alijibu, "Nimepata, ahsante," na wiki iliyofuata nilipomkuta Mwembe Tayari aliniuliza nani anapiga dumbaki siku hizi.