Wasomaji Wanauliza: Fungate kwa Gari Mashambani Ufaransa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na mchumba wangu tunatarajia kufunga ndoa mwishoni mwa Agosti hapa Dar es Salaam, na tumekubaliana kwamba fungate yetu tutaifanya Ufaransa kwa siku kumi za mwezi Septemba. Tumepanga kukodi gari Paris siku ile ile tutakayotua, twende Mont Saint-Michel, tushuke hadi bonde la mto Loire kuona makasri, tuendelee Dordogne, tuvuke hadi Provence kupiga picha katika mashamba ya lavenda, tufike Nice, kisha turudi Paris kupanda ndege. Je, mpango huu unatekelezeka, na tuanze na lipi?
Bwana harusi mtarajiwa, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongereni sana. Mpango wenu unatekelezeka kwa dereva wa lori, lakini si kwa maharusi. Njia uliyoieleza inapita kilomita 2,500, na sehemu kubwa ya zile zilizo nzuri ni barabara nyembamba za mashambani ambazo kwa kawaida mwendo wake wa juu ni kilomita 80 kwa saa, tena zinapita katikati ya vijiji vinavyokutaka upunguze hadi 50 au 30. Mtakuwa mnafungua mabegi usiku na kuyafunga asubuhi, na mkeo atayajua mashamba ya Ufaransa kwa kuyaona kupitia dirisha la gari tu. Wenzi waliotoka katika miezi ya vikao vya harusi, michango na wageni wanahitaji kwanza kupumzika, na ratiba ya fungate ipangwe kwa kuanzia hapo.

Kwa hiyo tupunguze. Provence iondoke bila majuto, kwa sababu lavenda ya uwanda wa Valensole huchanua kati ya katikati ya Juni na katikati ya Julai, na ifikapo Septemba mashamba hayo yamekwisha kuvunwa. Mont Saint-Michel nayo iko kaskazini-magharibi, mbali na njia ya kwenda kusini, na inastahili safari yake yenyewe. Zinabaki Loire na Dordogne, na hizo mbili zinatosha kabisa kwa siku kumi, mkilala sehemu mbili tu, usiku nne au tano kila moja.

Gari msilichukue Paris. Mtu aliyekesha ndani ya ndege, asiyezoea kuendesha upande wa kulia, hana sababu ya kuanza na barabara za mji ule. Zipo treni za mwendo kasi zinazotoka kituo kilicho ndani ya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle kwenda moja kwa moja hadi Saint-Pierre-des-Corps, pembezoni mwa mji wa Tours, na nyingine hutoka kituo cha Montparnasse jijini Paris na kufika baada ya saa moja na dakika chache. Lichukueni gari hapo Tours, ikiwezekana baada ya kulala usiku mmoja, nanyi mtakuwa mashambani ndani ya nusu saa.

Katika bonde la Loire, kosa la wageni wengi ni kutaka kuona makasri manne kwa siku. Baada ya la pili macho huchoka, na vyumba vyote vinaanza kufanana. Mimi ningechagua kasri moja kwa siku, asubuhi mapema, na jioni yote iwe ya mto na matembezi. Lianzeni Chenonceau, ambalo limejengwa likivuka mto Cher. Mfalme Henri II alimpa hawara wake, Diane de Poitiers, naye akalijengea daraja juu ya mto. Mfalme alipofariki mwaka 1559, mjane wake Catherine de Médicis alimlazimisha Diane kulitoa na kupewa kasri la Chaumont badala yake, kisha akajenga ukumbi mrefu juu ya daraja lile lile la mwenzake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ukumbi huo ulikuwa hospitali ya majeruhi. Siku nyingine nendeni Chambord, kasri ambalo Mfalme François I alianza kulijenga mwaka 1519, mkapande ngazi yake maarufu: ni ngazi mbili zilizosokotwa pamoja, hivi kwamba mmoja wenu anaweza kupanda huku na mwingine kule, mkaonana kupitia madirisha ya katikati bila kukutana njiani. Villandry ni kasri la bustani, hasa bustani ya mboga iliyopangwa kwa rangi. Huko Amboise ipo nyumba ya Clos Lucé, ambamo Leonardo da Vinci aliishi miaka yake ya mwisho na kufariki mwaka 1519. Amboise yenyewe ni mji mdogo wa kutembea kwa miguu, na una soko kubwa Jumapili asubuhi kando ya mto.

Kwa malazi, tafuteni zaidi nyumba zinazoitwa chambres d'hôtes kuliko hoteli. Hizi ni nyumba za wenyeji, ambazo kisheria haziruhusiwi kuzidisha vyumba vitano vya wageni, na mwenye nyumba ndiye anayewaandalia kifungua kinywa. Katika bonde la Loire baadhi ya vyumba vimechongwa ndani ya miamba ya mawe meupe, yale yale yaliyojengea makasri, na ndani yake kuna ubaridi mtulivu hata jua likiwa kali. Mkimwambia mwenyeji kwamba ni fungate yenu, mara nyingi atawaelekeza mahali ambapo hakuna basi la watalii linalofika.

Siku ya kuhama, tengeni mchana mzima. Kutoka Tours mtashuka hadi Châteauroux na kuingia barabara kuu ya A20, ambayo kutoka Vierzon hadi Brive haina malipo, jambo lisilo la kawaida kwa barabara kuu za nchi hiyo. Kutoka Brive hadi Sarlat-la-Canéda ni mwendo mfupi. Sarlat ni mji wa mawe ya rangi ya asali ambao soko lake kubwa huwa Jumamosi, na dogo Jumatano, nanyi jitahidini kufika kabla ya saa tatu asubuhi mpate mahali pa kuegesha. Karibu yake, kwenye kingo za mto Dordogne, makasri ya Beynac na Castelnaud yanatazamana kutoka pande mbili za maji, kama yalivyotazamana kwa uadui wakati wa Vita vya Miaka Mia kati ya Wafaransa na Waingereza. Chini ya mwamba wa La Roque-Gageac mtapata mashua za mbao za kubeba wageni mtoni, na saa moja ndani ya mashua hizo ina thamani kuliko kasri la tano.

Msiache kwenda Montignac, mji mdogo uliko pango la Lascaux. Pango hilo, lenye michoro ya farasi na mafahali iliyochorwa takriban miaka 17,000 iliyopita au zaidi, liligunduliwa na vijana wanne mwaka 1940 na kufungwa kwa umma mwaka 1963, kwa kuwa pumzi za wageni zilikuwa zinaiharibu michoro hiyo. Mtakachoona ni nakala kamili iliyofunguliwa mwaka 2016, na nakuhakikishia kwamba ukisimama chini ya wale mafahali hutajali kuwa ni nakala. Tiketi nunueni kabla ya safari.

Mwisho wa siku zenu, lirudisheni gari Bordeaux na mpande treni ya kwenda Paris, ambayo hutumia saa mbili na dakika chache. Kulirudisha gari mji tofauti na mlikolichukua huongezewa ada. Ulizeni kiasi chake wakati wa kuagiza.

Umeuliza muanze na lipi. Anzeni na viza. Ombi la viza ya Schengen, yaani ya nchi kadhaa za Ulaya kwa pamoja, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15, lakini kwa safari ya Septemba miadi ya miezi ya kiangazi huwahi kujaa, kwa hiyo tafuteni nafasi mwezi Mei au Juni. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima iweze kulipia matibabu ya angalau euro 30,000. Jambo moja wengi hulisahau: kama mkeo atatumia jina lako baada ya ndoa, basi viza, tiketi na pasipoti vyote vibaki kwenye jina lake la sasa hadi mrudi.

SWALI: Mimi ni msomaji wako wa Mombasa. Nimeendesha gari kwa miaka mingi, lakini sijawahi kuendesha upande wa kulia. Tunakwenda Ufaransa kwa fungate na ndugu zangu wananiambia nitasababisha ajali. Tena nimeambiwa leseni yangu ya Kenya haitoshi. Ukweli ni upi?
Bwana harusi, Mombasa

JIBU: Kaka yangu, upande wa kulia wenyewe hauna ugumu mkubwa mnapokuwa kwenye msongamano, kwa sababu unafuata walio mbele yako. Hatari iko pale barabara inapokuwa tupu: asubuhi unapotoka uani kwa mwenyeji wako, au unapoondoka kituo cha mafuta, ambapo mkono wenye mazoea ya miaka hujipeleka kushoto wenyewe. Muombe mkeo awe anakukumbusha kwa sauti kila mnapoanza safari, na usione haya kwa hilo.

Kwenye mizunguko, unaingia kwa kukata kulia na kuzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, na kwa kawaida unawapisha waliomo ndani, watakaokuwa wanatokea kushoto kwako. Lakini ipo kanuni nyingine ambayo huwashangaza wageni wengi: katika vijiji na mitaa midogo, kwenye makutano yasiyo na alama yoyote, gari linalotokea kulia kwako ndilo lenye haki ya kupita, hata kama linatoka kwenye kichochoro nawe uko kwenye barabara iliyo pana. Ukiona alama ya almasi ya manjano, jua uko kwenye barabara yenye haki ya kutangulia. Ikiwa imekatwa kwa mstari mweusi, haki hiyo imekwisha. Vilevile kibao cheupe chenye ukingo mwekundu na jina la kijiji kina maana ya kwamba mwendo wa juu sasa ni kilomita 50, hata kama hakuna tarakimu iliyoandikwa, hadi utakapokuta jina lile lile limekatwa kwa mstari mwekundu. Kamera ni nyingi, na faini hukufuata hadi nyumbani kupitia kampuni iliyokukodisha gari, nayo huongeza ada yake.

Kwenye barabara kuu mwendo wa juu ni kilomita 130, na mvua ikinyesha 110. Nyingi ni za kulipia: unachukua tiketi unapoingia na kulipa unapotoka, ukichagua njia yenye alama ya kadi au mshale wa kijani, na kuepuka ile yenye herufi t peke yake, ambayo ni ya waliojiandikisha. Ndani ya gari lazima ziwemo fulana ya kuakisi mwanga na pembetatu ya tahadhari, kwa hiyo vikague kabla ya kuondoka.

Kuhusu leseni, beba ile ya Kenya pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hutolewa kwenu na chama cha wenye magari, AA. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Jambo litakalokukwamisha zaidi kaunta ni kadi: kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na huzuia humo kiasi kikubwa cha dhamana hadi gari lirudi. Mtu mwenye kadi ya kawaida ya benki anaweza kunyimwa gari alilokwisha kulilipia. Agiza pia mapema gari la gia za otomatiki, hata kwa bei ya juu kidogo, ili usijifunze upande mpya wa barabara na mkono mpya wa gia kwa siku moja. Ukifika kituo cha mafuta, dizeli imeandikwa gazole. Usiidhanie kuwa petroli. Vituo vya maduka makubwa ya vijijini ni nafuu kuliko vya barabara kuu.

SWALI: Assalaam aleikum. Mume wangu mtarajiwa anapenda sana twende mashambani Ufaransa, nami nakhofia chakula na sala. Tutakula nini huko?
Bibi harusi, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Khofu yako ina msingi, maana katika vijiji nyama halali ni adimu, vipande vidogo vya nguruwe hutiwa hata katika saladi na mayai, na mchuzi mwingi hupikwa kwa mvinyo. Dawa yake ni kukodi nyumba ndogo yenye jiko, inayoitwa gîte, na kununua nyama katika mji mkubwa kama Tours au Bordeaux, ambako yapo mabucha ya halali, kisha kuibeba kwenye kisanduku cha barafu. Mkila nje, agizeni samaki, na muulize kama mchuzi wake una mvinyo. Kuku na bata wa vijijini wasikudanganye kwa kuonekana salama, kwani hamjui wamechinjwaje.

Kibla huko si kaskazini kama kwenu Unguja, bali ni kusini-mashariki. Mwanzoni mwa Septemba Magharibi huingia karibu saa mbili na nusu usiku, ilhali mikahawa mingi hufungua chakula cha jioni saa moja au saa moja na nusu, basi wekeni nafasi ya mapema au mle baada ya sala, lakini si baada ya saa tatu, kwa maana vijijini jiko huwahi kufungwa. Mchana wanakula kuanzia saa sita hadi saa nane, na ukifika saa tisa hupati kitu. Maduka mengi hufungwa Jumapili alasiri na Jumatatu, kwa hiyo Jumamosi nunueni mikate, jibini, matunda na mayai ya kuwatosha hadi Jumanne asubuhi.