Maswali yenu kuhusu kuunda mandolini, ala ya muziki ya nyuzi nane, nyumbani

Mandolini yangu ya kwanza iwe ya umbo gani? Natamani ile yenye pembe iliyojiviringa.

Anza na umbo la pea, lisilo na pembe. Ile pembe, ambayo mafundi huiita umbo la F, ni pambo. Itakula muda wako mwingi kwenye kukunja mbavu, yaani mbao nyembamba za ubavuni, na kuunga vipande vidogo, lakini sauti haitokani nayo. Muda huo upe ubao wa juu.

Ubao wa juu niuchonge hadi ubaki na unene gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Kwa mbao za mti wa spurusi, mafundi wengi huacha kama milimita 5 katikati, chini ya daraja (kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso), kisha huupunguza taratibu hadi karibu milimita 3 kuelekea kingo. Vipimo hivyo ni vya kukuonyesha njia tu. Mbao mbili zilizotoka kwenye gogo moja zaweza kutofautiana ugumu, na ukizichonga unene uleule, moja itaimba na nyingine itabaki bubu.

Kwa hiyo ukikaribia vipimo hivyo, weka patasi chini, chukua randa ndogo na kikwaruzo. Shika ubao kwa vidole viwili karibu na ukingo, uusogeze sikioni, ugonge katikati kwa kifundo cha kidole. Ukiwa mnene bado, hutoa mlio mfupi, mkavu. Kwaruza kidogo, gonga tena. Utafika mahali mlio unarefuka na kushuka, na ukiubonyeza kwa vidole gumba unahisi ubao unakubali kidogo. Simama hapo hapo, hata kama kipimo kinasema bado. Kilichokwanguliwa hakirudi.

Nikipiga nyuzi wazi, bila kuzibonyeza, ziko sawa, lakini nikipanda juu ya shingo nota zinapotoka. Kwa nini?

Kwanza kagua daraja, maana kwenye mandolini nyingi halikugandishwa, linashikiliwa na nyuzi tu. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) upate ule mlio mwembamba, kisha ubonyeze hapo hapo na upige. Nota ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza daraja mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze karibu.

Isipopona, kosa liko kwenye freti. Urefu wa uzi kutoka kizingiti cha juu, kile kipande chenye mifuo ya nyuzi mwishoni mwa shingo, hadi darajani ukiugawa kwa 17.817, unapata mahali pa freti ya kwanza. Kwa milimita 353 ni takribani milimita 19.8. Kinachobaki unakigawa tena kwa namba ileile, na kuendelea. Hesabu zote zifanye kwanza kwenye karatasi, kisha pima kila freti kuanzia kizingitini. Ukipima kutoka freti hadi freti, nusu milimita hapa na pale hujumlishana, na ukifika ya 12 umeshapotea.

Gundi ipi?

Gundi ya kawaida ya seremala inatosha. Ubao wa vidole, ule unaobeba freti, na ubao wa nyuma ningevibandika kwa gundi ya ngozi, kwa sababu hulegea kwa joto na unyevu siku ukihitaji kufungua. Gundi za sehemu mbili zinazochanganywa epuka.

Nimefunga nyuzi, na baada ya siku chache uso umebonyea chini ya daraja. Nimeharibu?

Legeza nyuzi leo hii. Nyuzi nane zikikazwa zinavuta kwa nguvu inayofikia kilo 70 au zaidi, na sehemu ya nguvu hiyo inashuka moja kwa moja kwenye uso. Kubonyea kidogo sana kisha kutulia ni kawaida. Kukiendelea kila siku, ingiza kioo kidogo na taa kwenye tundu la sauti uangalie mataruma, vile vipande vya mti vinavyouimarisha ubao kwa chini: aghalabu moja limeachia upande mmoja. Hilo linabandikika upya. Kama yote yameshika, basi ubao ni mwembamba mno. Funga nyuzi nyepesi uone kama utatulia, na usipotulia, ng'oa ule wa juu uchonge mwingine. Mbavu, shingo na ubao wa nyuma bado ni vyako.