Ndege ya kurudi ndiyo inayopanga mbizi

SWALI: Nina siku 6 kwenye hoteli ya ufukweni, na cheti cha awali cha kuzamia kwa mtungi wa hewa. Ndege ya kurudi ni saa 4 asubuhi, siku ya 6. Nipangeje mbizi na usafiri?

JIBU: Hesabu kuanzia mwisho. Baada ya mbizi za siku kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Sisi tunapendelea 24. Kwa hiyo zamia siku ya 2, 3 na 4, ya 5 pumzika. Ukiwa chini, nitrojeni huyeyuka mwilini. Shinikizo la hewa likipungua ndani ya ndege, inaweza kufanya mapovu kwenye damu na viungo. Safari ya gari ya kupanda milimani ina hatari hiyohiyo, na hiyo wengi huisahau.

Kabla ya kulipa, uliza boti inaondokea wapi. Kama si mbele ya hoteli, nani anakuchukua na, hasa, nani anakurudisha? Boti huondoka mapema; agiza teksi jioni ya kuamkia siku hiyo.

Mitungi na vyuma vya uzito kodi hukohuko. Miwani inayokukaa vizuri beba mwenyewe, kwani ikivuja itaharibu mbizi nzima. Kwa cheti chako usipite mita 18, na uwe umerudi juu mtungi ukiwa bado na shinikizo la hewa la ba 50. Ukiwa na mafua, usizamie: masikio hayatasawazisha shinikizo.