Siku Nne, Hifadhi Nne? Hapana, Dada Yangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: “Kaka, mwezi wa nane tuna likizo ya siku nne, mimi, mume wangu na watoto. Tunataka Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Tupangie.” Nikamjibu kwamba siku zote nne ataziishia ndani ya gari. Akanuna. Basi leo naandika kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake.

Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, na ukishapita lango la Ngorongoro ni vumbi na mitikisiko ya kung'oa meno. Njia hiyo inakatiza Ngorongoro, ambayo haiko chini ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa. Ina mamlaka yake na kiingilio chake, kwa hiyo hata kama unapita tu, unalipa. Ukitaka kushuka kreta, gari nalo lina ada yake. Wengi haya wanaambiwa wakishafika getini, watoto wamelala na mama kashaanza kukunja uso.

Mimi nilichagua Tarangire peke yake, nikachekwa. Shemeji yangu aliuliza kama hela zilikuwa zimeniishia. Lakini hilo halikuniuma kama lililonipata Arusha. Niliingia na mke wangu kwenye ofisi moja ya utalii, kijana wa mezani akatutazama viatu kwanza, kisha akauliza mgeni tuliyemleta yuko wapi. Nilipomwambia wageni ni sisi, akatusogezea karatasi ya bei za dola, kana kwamba hajui Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni. Akarudi kwenye simu yake. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Tukampata mtu mwenye kampuni ndogo, gari moja, leseni anayo. Huyo swali lake la kwanza lilikuwa: “Mnataka kuona nini?” Tembo, tukasema. Akasema basi njooni mwezi wa tisa, na msiende kwingine.

Mwezi wa tisa mto Tarangire sehemu nyingi ni mchanga mtupu. Tembo jike alisimama katikati ya mchanga huo, akaukwangua kwa mguu wa mbele, akauchota kwa mkonga na kuumwaga pembeni, kwa utaratibu kabisa, mpaka shimo likafika magotini. Akangoja. Maji yakapanda polepole, akanywa. Mtoto wake akajaribu kuingiza kichwa chote, akasukumwa. Nyuma yao ngiri na pundamilia walikuwa wamesimama wakisubiri zamu. Gari nyingine zilikuja, zikapiga picha, zikaondoka kuwahi Manyara. Sisi tulikuwa tumezima injini. Shemeji alipoiona ile video alikaa kimya, na ninakiri nilimwonyesha mara mbili.

Hiyo haikuwa bahati. Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, wanyama hukusanyika mtoni kwa sababu maji kwingine yamekauka. Masika wengi wao hutoka nje kabisa ya mipaka ya hifadhi. Hifadhi ile ile, lango lile lile, mwezi wa nne utaona mibuyu mizuri na nyasi ndefu. Serengeti ni hivyo hivyo: nyumbu zaidi ya milioni moja, lakini mwezi wa pili wako kusini, Ndutu, wanazaa, na kuvuka Mto Mara ni huko kaskazini kuanzia Julai hivi. Anayekuambia “nyumbu wapo tu muda wote” anakuuzia kiti cha gari. Kwa hiyo chagua mnyama kwanza, mwezi ufuate, hifadhi ije mwisho. Na chagua moja.

Wa Dar nao wasidhani lazima waende kaskazini. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya Iringa, na tangu 2024 treni ya SGR inakufikisha Morogoro bila foleni ya Kibaha. Kama miguu yenu ni mizima, nendeni Udzungwa: ndani hakuna barabara za magari, mnapanda kwa miguu mpaka maporomoko ya Sanje, yapata mita 170, na njiani mna nafasi nzuri ya kuwaona mbega wekundu wa milima ile. Moja tu lakini. Nimeshasema.

Ndugu zangu, tunachangia harusi za watu ambao hata majina yao kamili hatuyajui, tunalipia sare ya kitchen party itakayovaliwa jioni moja, halafu hifadhi tunasema ni za wazungu. Mtoto wa Arusha anamjua simba wa katuni! Anza kuweka kidogo kidogo mwezi huu. Uliza bei kwa shilingi, beba kitambulisho cha taifa, na usitegemee kulipa fedha taslimu getini.

Na nguo za bluu iliyokoza na nyeusi ziacheni nyumbani. Mbung'o wanazifuata, Tarangire wapo wa kutosha, wanauma hata juu ya jinzi, na mafuta ya mbu hayawasumbui sana.